Kabla fundi hajapanda kwenye paa la asbesto

Wiki mbili zilizopita mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alinipigia simu alfajiri. "Mwanangu, nimepata nyumba Isamilo. Ya zamani, lakini kuta zake ni mawe matupu. Fundi anasema paa ni lile la simenti, Jumamosi anakuja kuliezua. Unasemaje?" Nikamwomba asimruhusu mtu yeyote kupanda juu mpaka nifike.

Nakagua majengo hapa Mwanza, na paa la aina hii, la simenti iliyochanganywa na asbesto (madini yenye nyuzi nyembamba), nakutana nalo sana kwenye nyumba za zamani, hasa zile zilizojengwa kwa ajili ya watumishi. Bati lake ni nene, kama milimita 6, mawimbi yake ni mapana, na mara nyingi limefungwa kwa boliti ndefu badala ya misumari ya bati. Likikaa miaka mingi huota kuvu jeusi. Ukiligonga kwa kifundo cha kidole halilii kama bati la kawaida. Linajibu kizito, kama sahani ya udongo. Lakini jicho halitoshi, kwa sababu yapo mabati ya simenti yasiyo na asbesto yanayofanana nayo kabisa. Uhakika unatoka maabara, chini ya hadubini. Na tafadhali usivunje kipande ili uchungulie ndani. Sampuli huchukuliwa ikiwa imeloweshwa, kipande kidogo tu, kikafungwa ndani ya mifuko miwili.

Ukishamaliza paa, angalia dari bapa, mifereji ya mvua, mabomba ya zamani ya kutolea moshi, tangi lililosahaulika juu ya dari, hata ubao ulio nyuma ya meinswichi.

Kwenye bati la simenti asbesto huwa kama asilimia 10 hadi 15, sehemu kubwa ikiwa krisotaili, yaani asbesto nyeupe. Simenti imezishika nyuzi zake. Bati likiwa zima, lisiposuguliwa wala kutobolewa, nyuzi nyingi hubaki humo humo. Ndiyo maana simwambii kila mtu aezue kesho. Balaa linaanza na grainda, nyundo na ufagio. Hapo nyuzi nyembamba kuliko unywele zinapaa, mtu anazivuta, na mapafu hayawezi kuzitoa zote. Aina zote za asbesto husababisha saratani ya mapafu na mesotelioma, saratani ya utando unaoyazunguka. Kinachonitesa ni ule ukimya wake: ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20, 40, hata zaidi. Kijana anamaliza kazi bila kukohoa, anachukua hela yake, anaondoka akicheka. Akiwa mvutaji sigara, hatari ya saratani ya mapafu inapanda maradufu na kupita.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya ufukweni baada ya mambo kuharibika. Mkandarasi aliyetangulia alikuwa amewaachia vibarua kazi, nao wakayapiga mabati nyundo na kuyaangusha chini. Vumbi la kijivu lilikuwa limetanda juu ya ukuta, na upande wa pili mama mmoja alikuwa ameanika dagaa kwenye nyavu. Kila mtu aliniuliza habari za dagaa. Mimi nilikuwa namtazama binti yake, ameinama anafagia uwanja mkavu, vumbi likimpanda usoni. Nikamwomba aache, tukamwaga maji, tukaokota vipande kwa mikono yenye glavu na kufuta kwa matambara mabichi. Dagaa tuliwafukia, ingawa hatari kubwa ya asbesto ni kuivuta kwa pumzi. Wanaokinga maji ya mvua kwenye mapaa haya huniuliza swali hilo hilo, kama kuimeza kuna madhara. Shirika la Afya Duniani halikuona ushahidi thabiti kwamba asbesto kwenye maji ya kunywa inadhuru. Mimi hata hivyo nikiona paa limeanza kumomonyoka, simtanki naliunganisha na paa jingine.

Kuna ajali nyingine inayosahaulika kwa sababu watu wote wanawaza saratani. Bati hili likizeeka huvunjika chini ya mguu bila onyo. Fundi anakanyaga katikati ya kenchi mbili, anajikuta sebuleni. Asitembee juu yake bila mbao za kukanyagia, na chini asipite mtu.

Likibidi kuondolewa, mnunuzi amalize hesabu kabla ya kusaini, maana dalali hatakutajia gharama hiyo. Bati huloweshwa kwa maji yenye sabuni kwa pampu ya mgongoni, boliti hukatwa kwa kikata boliti, kila bati hushushwa zima na kufungwa nailoni nzito mara mbili. Barakoa za kitambaa zile za wakati wa korona hazisaidii. Inatakiwa ya kuchuja chembe ndogo, inayobana uso. Ovaroli ivuliwe pale pale kwenye kazi. Wapo wake waliougua kwa kukung'uta na kufua nguo za waume zao. Mzigo usipakiwe kwenye kirikuu kwenda dampo kimya kimya, na usigawiwe majirani wa kuezekea mabanda ya kuku. Ulizia NEMC, baraza la taifa la mazingira, na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, wote wana ofisi za kanda hapa mjini, wakuelekeze unakofukiwa.

Paa la mzee nililikuta zima, isipokuwa bati mbili zilizopasuka juu ya jiko. Muuzaji alikubali kupunguza bei. Hizo mbili zitashushwa mwezi wa saba, asubuhi na mapema kabla upepo wa ziwa haujaanza, na mengine yatapakwa rangi bila kuparuliwa wala kupigwa maji ya presha. Fundi wa Jumamosi ameambiwa grainda aiache nyumbani.