Setilaiti inapimaje maji yaliyo chini ya ardhi?

Ukisema setilaiti inafuatilia maji ya chini ya ardhi watu wengi wanadhani huko juu kuna kamera kali inayopenya udongo mpaka inayaona, hapana, hapo kamera haihusiki kabisa. Kinachofanyika ni kupima uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, sasa mkivuta maji visimani eneo zima miaka na miaka bila kurudi, ile ardhi inakuwa nyepesi na nguvu yake ya kuvuta vitu inapungua kidogo sana, hicho kidogo ndo kinachopimwa.

Kazi hii ilianza na GRACE, setilaiti mbili pacha zilizorushwa 2002 na NASA pamoja na Wajerumani, zinafuatana njia moja zikiachana kama kilomita 220. Ya mbele ikikaribia sehemu nzito inavutwa kabla ya mwenzake, pengo linaongezeka, alafu ya nyuma nayo ikifika inavutwa, pengo linapungua. Mabadiliko yenyewe ni madogo kuliko unene wa unywele mmoja na bado zinayanasa, mi hapo kila nikisoma nashangaa upya. Zile za kwanza ziliisha kazi 2017, mwaka 2018 zikarushwa nyingine, GRACE-FO.

Ila ule uzito ni wa maji yote kwa pamoja, unyevu wa udongo, mito, maziwa, theluji, kwa hiyo wataalamu wanakadiria hivyo vingine na kuvitoa, kinachobaki ndo maji ya chini.

Mfano ulioshtua watu ni kaskazini magharibi mwa India, majimbo ya Rajasthan, Punjab na Haryana. Kati ya 2002 na 2008 yalipotea maji ya chini kilomita za ujazo 109, yaani ujaze boza la lita elfu kumi mara karibu bilioni 11, na miaka hiyo mvua ilikuwa ya kawaida tu, sio ukame. Ni pampu. Wakulima wanamwagilia mpunga na ngano kwa visima virefu, umeme wa pampu una ruzuku, na huwezi kumlaumu mtu anayelisha familia yake lakini maji yanatoka haraka kuliko yanavyoingia.

Sasa usije ukategemea ikuonyeshe pa kuchimba kisima chako. GRACE inaona maeneo mapana, kilomita mia tatu na zaidi kwa upande, kijiji hakionekani humo. Kutafuta maji mapya ni kazi ya setilaiti za aina nyingine, kama zile picha za rada zilizotumika Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako 2013 ilitangazwa kuna hazina kubwa ya maji chini ya uwanda wa Lotikipi na watu wakafurahi sana. Walipochimba na kupima, maji yalikuwepo kweli, ila yana chumvi nyingi mno, hayanyweki.