Mjukuu Ataruhusiwa Kulala Siku Ngapi? Masharti ya Nyumba kwenye Mitaa ya Wastaafu Marekani

Wakenya, Watanzania na Wakongo waliokuja Marekani wakiwa vijana miaka ya 1980 na 1990 sasa wanafikia umri wa kustaafu. Wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wa makazi wameshaipenda nyumba: iko Florida au Arizona, haina ngazi, theluji wataisikia kwenye habari, na mtaa mzima ni wa watu wa miaka 55 kwenda juu. Wanauliza bei, bima na kodi ya mwaka. Swali linalokosekana karibu kila mara ni hili: mjukuu wangu ataruhusiwa kulala kwangu siku ngapi?

Jibu lipo kwa maandishi, na mara nyingi mnunuzi ameshalitilia saini bila kulisoma. The Villages, mtaa mkubwa wa wastaafu katikati ya Florida, hauruhusu mtu wa chini ya miaka 19 kukaa zaidi ya siku 30 kwa mwaka. Likizo ya Krismasi ikila siku kumi na ya kiangazi ikila ishirini, zimekwisha. Kwa mzee aliyelelewa akijua kwamba shule zikifungwa watoto wanapelekwa kwa bibi, sharti hilo peke yake linatosha kumfanya afikirie upya mahali pa kununua.

Na ni sharti lenye meno. Limesajiliwa kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kaunti pamoja na hati za nyumba, na linaifuata ardhi. Nyumba ikiuzwa mara tano, mmiliki wa tano anabanwa nalo kama alivyobanwa wa kwanza. Anayenunua anahesabiwa kuwa amelikubali, hata kama dalali alimwambia, "Hapa watu hawafuatiliani, mama, usiwe na wasiwasi." Dalali akishalipwa kamisheni yake hayupo tena, na wewe ndiye unayebaki na hati.

Namna hii ya kufunga masharti kwenye ardhi ni ya zamani kuliko mitaa ya wastaafu, na ina historia mbaya ambayo msomaji mweusi ana haki ya kuijua. Kwa miongo mingi hati za nyumba Marekani ziliandikwa sentensi za kuzuia nyumba isiuzwe kwa mtu mweusi. Mahakama Kuu ya Marekani ilizinyima nguvu mwaka 1948 katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, na sheria ya makazi ya mwaka 1968 ikapiga marufuku ubaguzi huo moja kwa moja. Maneno yenyewe bado yamo kwenye baadhi ya hati za zamani. Ukiyakuta, usitishike, hayana nguvu yoyote. Lakini hayafanyi masharti mengine ya hati hiyo yawe batili.

Mtaa uliozipa umaarufu nyumba za wastaafu ni Sun City, karibu na Phoenix, Arizona, uliofunguliwa na mjenzi Del Webb tarehe 1 Januari 1960. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilikataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto, ila likaacha mlango kwa makazi ya wazee, na mwaka 1995 sheria nyingine ikaupanua. Kwa sheria hizo, mtaa unaweza kujiita wa miaka 55 ikiwa angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa zina mtu mmoja aliyefikisha umri huo, na ikiwa mtaa una kanuni zinazoonyesha wazi kwamba unakusudiwa kuwa wa wazee. Uthibitisho wa umri lazima uhuishwe angalau kila baada ya miaka miwili. Basi ukipata barua ya kukutaka uonyeshe leseni ya udereva au pasipoti, hakuna anayekuchunguza wewe kama mgeni. Majirani wako wote wameipata.

Hiyo asilimia 20 inayobaki ndiyo inayowachanganya watu. Wengi wanadhani ni haki ya mtu yeyote kijana kuingia mpaka nafasi zijae. Sivyo. Sheria ya shirikisho inauachia mtaa nafasi hiyo uitumie utakavyo, na mtaa unaweza kuibana kabisa kwa kudai kila nyumba iwe na mtu wa miaka 55. Mara nyingi huwekwa akiba kwa ajili ya wajane na warithi.

Hapa naomba usome taratibu. Chukua mume wa miaka 61 na mke wa miaka 47. Wamenunua, wamehamia, na mume anafariki. Je, mjane atatolewa? Sheria ya shirikisho haiulazimishi mtaa kumtoa, na mitaa mingi imeandika wazi kwamba mwenzi aliyebaki anaruhusiwa kuendelea kuishi. Lakini "mingi" maana yake si yote. Pengine kifungu kipo lakini kinamtaka mwenzi awe ameandikishwa tangu mwanzo kama mkazi, na pengine hakipo kabisa. Kwa ndoa zetu, ambamo tofauti ya umri ya miaka kumi na zaidi ni jambo la kawaida, hicho ndicho kifungu cha kwanza kukitafuta. Kama hukioni, uliza kwa maandishi na ujibiwe kwa maandishi kabla hujalipa hata senti.

Watoto nao wajue mapema. Masharti ya umri yanamhusu anayeishi ndani ya nyumba. Umiliki kwa kawaida ni jambo jingine: binti wa miaka 38 anaweza kurithi nyumba ya babake, jina lake likaandikwa kwenye hati, na bado asiruhusiwe kuhamia. Anaweza kuiuza, au kumpangisha mtu aliyefikisha umri ikiwa kanuni za mtaa zinakubali kupangisha. Nimeona familia zikigombana msibani kwa sababu mtoto aliyeahidiwa "nyumba hii ni yako ukipata shida" alikuja na virago vyake ndipo akaambiwa haiwezekani. Mzazi hakumdanganya. Hakuwa anajua.

Gumu zaidi ni suala la ulezi. Mzazi wa mtoto akifariki, akiugua au akirudishwa nyumbani na uhamiaji, kwetu mjukuu anahamia kwa bibi siku hiyo hiyo na hakuna anayeitisha kikao. Kwenye mtaa wa wastaafu, kikao kinaitishwa. Amri ya mahakama inayokupa ulezi wa mtoto haikupi ruhusa ya kuishi naye hapo. Baadhi ya mitaa hutoa muda wa ziada ukiomba, na maombi yaliyopelekwa mapema na kwa adabu husikilizwa tofauti na yale yanayoandikwa baada ya jirani kulalamika. Ila kama unajua moyoni kwamba wewe ndiye nguzo ya wajukuu katika ukoo wako, ushauri wangu ni mmoja: nunua kwingine. Kuna nyumba nzuri zisizo na ngazi kwenye mitaa ya kawaida.

Kuna kundi moja ambalo sheria imelifikiria vizuri, na ndugu zetu wengi wamo humo: wahudumu wanaolala na mgonjwa. Mtu wa chini ya miaka 55 ambaye uwepo wake ni wa lazima ili mkazi mwenye ulemavu aweze kuishi nyumbani kwake haharibu hesabu ya asilimia 80. Mwajiri wako, au wewe kwa niaba yake, mwandikie msimamizi wa mtaa, na mwambatanishe barua ya daktari inayosema huduma hiyo inahitajika. Haina haja ya kutaja ugonjwa. Kujificha na kuegesha gari mbali usiku ndiko kunakoleta matatizo.

Baada ya watu, huja mambo ya uwanjani: rangi ya ukuta, urefu wa nyasi, sanamu za bustani, boti, uzio. Kanuni ya jumla ni kwamba kinachoonekana kutoka barabarani kinahitaji idhini ya kamati ya usanifu kabla hujakigusa. Unajaza fomu, unaambatanisha mchoro na sampuli ya rangi, unasubiri jibu. Usianze kupaka kwa sababu fundi ana nafasi Jumamosi.

Yako mambo machache ambayo sheria imeyatoa mikononi mwa mtaa. Florida, sharti la hati haliwezi kukataza kamba ya kuanikia nguo wala paneli za umemejua, ingawa mtaa unaweza kusema kitu kuhusu mahali pa kuziweka. Kanga zako zina haki ya kupata jua. Dishi la televisheni lisilozidi kipenyo cha mita moja, likiwa kwenye eneo lako mwenyewe, linalindwa na kanuni ya shirikisho ya mwaka 1996. Bendera ya Marekani inalindwa na sheria iliyotiwa saini mwaka 2006, lakini sheria hiyo inaitaja bendera ya Marekani tu. Ya Kenya au ya Tanzania, hata siku ya uhuru, inategemea kanuni za mtaa. Na kwa nyumba za Florida zilizo chini ya vyama vya wamiliki (HOA, yaani vyama vya wenye nyumba vinavyosimamia mtaa na kutoza ada), mabadiliko ya sheria ya mwaka 2024 yanakulinda ukipanda mboga mahali pasipoonekana kutoka mbele ya nyumba wala kwa jirani. Mchicha na sukuma wiki, basi, vikae nyuma. Angalia tu kwamba The Villages kwa sehemu kubwa haiendeshwi na chama cha wamiliki bali na wilaya maalumu za maendeleo, ambazo ni vyombo vya serikali, kwa hiyo sheria za vyama vya wamiliki hazihamii huko zenyewe.

Siku moja barua itakuja. Kwa kawaida ni ukurasa mmoja: namba ya kiwanja, kifungu unachodaiwa kukivunja, picha ya kitu chenyewe iliyopigwa kutoka barabarani, na tarehe ya mwisho ya kurekebisha. Wengi wetu tukiona picha ya nyumba yetu iliyopigwa bila kuulizwa tunahisi kudharauliwa, na hasira hiyo ndiyo hutufanya tuitupe barua au tuende kugonga kwa jirani tunayemshuku. Usifanye lolote kati ya hayo. Tafuta kifungu kilichotajwa, kisome neno kwa neno, piga picha zako mwenyewe, kisha ujibu kwa maandishi kabla ya tarehe. Kama umeshaondoa kitu chenyewe, sema hivyo na uambatanishe picha. Kama majirani wengi wanacho kitu kilekile na hawajaguswa, andika hilo pia, kwa sababu kutekeleza sharti kwa kuchagua watu ni utetezi unaokubalika mahakamani.

Kwa vyama vya wamiliki Florida, faini haiwezi kuanza tu kukimbia. Ni lazima upewe notisi ya siku 14 na nafasi ya kusikilizwa mbele ya kamati ya watu wasiopungua watatu, ambao si wajumbe wa bodi, si wafanyakazi wa chama, wala si ndugu zao wa karibu. Kamati ikikataa, faini inakufa. Ikikubali, kiwango cha kawaida ni hadi dola 100 kwa siku, na jumla isizidi dola 1,000 isipokuwa hati za mtaa ziseme vingine. Nenda kwenye kikao hicho. Kama Kiingereza chako kinakukwama ukiwa na hasira, nenda na mwanao, au na maelezo uliyoandika nyumbani.

Jambo moja usilifanye hata ukiwa na haki yote duniani: kugoma kulipa ada ili kuwashinikiza. Faini iliyo chini ya dola 1,000 Florida haiwezi kugeuzwa deni linalosajiliwa juu ya nyumba. Ada inaweza. Ada isiyolipwa husajiliwa, huongezwa riba na gharama za wakili, na mwishowe nyumba inaweza kupigwa mnada. Lipa ada, halafu pigania jambo lako ukiwa huna deni.

Ukiwa na ulemavu, au ukiupata baadaye kama wengi wanavyoupata uzeeni, una njia nyingine. Sheria ya makazi inautaka mtaa ukuruhusu mabadiliko ya lazima yenye kiasi, kama njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu mlangoni, kwa gharama yako, na ulegeze kanuni pale inapohitajika, kwa mfano kuhusu mnyama wa msaada au nafasi ya kuegesha karibu. Lazima uombe. Ukikataliwa bila sababu, malalamiko kwa Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya Marekani ni bure, na una mwaka mmoja tangu siku ya tukio. Kwenda mahakamani una miaka miwili.

Haya yote yanakuwa mepesi ukiyauliza ukiwa bado mnunuzi. Florida, kabla ya mkataba wa nyumba iliyo chini ya chama cha wamiliki, ni lazima upewe muhtasari wa masharti na ada. Usipopewa kabla ya mkataba, unaweza kuuvunja ndani ya siku tatu baada ya kupokea muhtasari huo, au kabla ya kukamilisha ununuzi, lolote litakalotangulia. Muhtasari hautoshi: dai hati kamili na marekebisho yake yote, na uisome mezani, si kwenye simu. Omba pia cheti cha chama kinachoonyesha ada inayodaiwa na kama kuna ukiukaji ulio wazi, kwa sababu ada aliyoiacha muuzaji utadaiwa wewe pamoja naye. Na pale ambapo barabara na mabomba yalijengwa kwa mkopo wa wilaya maalumu, uliza ni kiasi gani cha mkopo huo bado kimebaki juu ya kiwanja chako. Kinalipwa kupitia bili ya kodi ya nyumba, pengine kwa miaka mingi, na hakimo kwenye bei iliyobandikwa kwenye tangazo.