Printa Haijapewa Anwani, Imejipachika Tu

Nimeitwa tena. Safari hii ni steshenari ya mama mmoja kule Nkuhungu. Wanafunzi wamejipanga kaunta na flashi zao mkononi, printa imewasha taa yake ya kijani kama mtu asiye na kosa, kompyuta inasema iko oflaini. Sijaweka hata begi chini, mama ananiwahi: "Fundi, usianze habari za IP. Kijana aliyekuja mwezi uliopita ameshaiweka stetiki."

Ameiweka wapi, mama?

"Si kwenye printa yenyewe!"

Basi. IP ni namba ya anwani ambayo kompyuta huitumia kuipata printa kwenye mtandao; stetiki maana yake isibadilike. Hiyo sentensi nimeisikia Area C, nimeisikia Kisasa, nimeisikia Ihumwa, na leo naiandikia ili mwingine akinipigia nimtumie linki badala ya kupanda bodaboda.

Kwanza nimalize yale madogo ninayoambiwa kila mara. Anwani ya printa hainunuliwi kwa kampuni ya intaneti. Inayouzwa huko ni anwani ya nje, kitu kingine kabisa. Namba zinazoanza na 192.168 ni za ndani, ziko bure kwa kila nyumba tangu miaka ya 1990. Na bando likiisha, kompyuta na printa zilizo kwenye ruta moja zinaendelea kuelewana kama kawaida. Tuendelee.

Kijana alifanya nini? Aliikuta printa ina 192.168.0.104, anwani iliyopewa na ruta. Akaingia kwenye menyu ya printa, akaondoa otomatiki, akaandika 192.168.0.104 kwa mkono. Akajaribu karatasi moja, ikatoka, akalipwa, akaondoka. Ruta hakuigusa. Na ruta ile inagawa kuanzia 100 hadi 199, kwa hiyo 104 imo katikati ya fungu lake.

Watu wa Dodoma hili mnalijua kwa lugha ya viwanja. Ukijenga mahali bila jina lako kuingia kwenye daftari la mgawaji, siku moja atakuja mtu na karatasi halali ya kiwanja hichohicho. Ruta haina ubaya na wewe. Printa ikiacha kuomba anwani, kwenye daftari la ruta 104 iko wazi, na anayekuja atapewa.

Nilichomfanyia mama ni hiki. Nikachomoa waya wa umeme wa printa, taa zikazima zote. Kisha kwenye kompyuta nikaandika ping 192.168.0.104, amri ya kubisha hodi kwenye anwani uone kama kuna anayeitika. Majibu yakaja. Manne, mfululizo. Mama akaiangalia printa, akaniangalia mimi. Nikafungua orodha ya vifaa kwenye ruta: 104 ni simu ya dada wa kaunta.

"Ndiyo maana saa saba inapona," mama akasema taratibu. Saa saba dada anaenda kula, na simu yake. Wiki tatu walikuwa wanasema ni joto. Feni ilishanunuliwa.

Sasa niseme kitu ambacho mafundi hatupendi kukiri: njia ya yule kijana nami nimeitumia, tena kwa muda mrefu, na ilikuwa inafanya kazi. Ruta nyingi kabla ya kutoa namba huuliza kwanza kama kuna mtu anayeitumia. Printa ikiwa macho inaitika, ruta inairuka. Ndiyo maana uongo huu, kwamba kuandika kwenye printa peke yake kunatosha, haufi. Unasubiri asubuhi ambayo dada anafungua duka, simu yake inaingia kwenye waifai, na printa bado imezimwa. Ruta inauliza, kimya, inatoa.

Njia sahihi ni mbili. Ama uache printa kwenye otomatiki na uiambie ruta, kwenye ukurasa wa DHCP, yaani wa kugawa anwani, kwamba kifaa chenye MAC hii (namba ya utambulisho kinayotoka nayo kiwandani) kipewe namba hii siku zote. Ama uandike kwa mkono kwenye printa, lakini namba iliyo nje ya fungu, tuseme 192.168.0.20, na maski (namba inayoonyesha mipaka ya mtandao wenu) 255.255.255.0. Ukichagua ya kwanza, angalia MAC gani unaandika: printa yenye waya na waifai ina mbili, na nimeshakuta mtu katenga ya waya huku printa inatumia waifai, halafu analaumu ruta.

Ipi bora? Mimi hutenga kwenye ruta, ila siapi. Mtoto akibonyeza kitufe cha kuirudisha ruta kiwandani, daftari lote limefutika. Ukiandika kwenye printa, nayo siku mnabadilisha ruta mkapewa inayotumia 192.168.1, printa inabaki mtaa wa zamani peke yake. Kwa hiyo huwa nabandika selotepu nyuma ya printa, nimeandika namba na tarehe. Ndicho kifaa changu kinachotegemeka kuliko vyote.

Kwenye Windows, usiache poti (njia ambayo kompyuta hupitishia kazi kwenda kwenye printa) iliyojitengenezea yenyewe. Tengeneza ya TCP/IP, weka namba yako, poti 9100. Kama printa inachapa vizuri lakini kompyuta inashikilia kwamba iko oflaini, ondoa tiki ya SNMP, njia ambayo Windows huitumia kuuliza hali ya printa, kwenye mipangilio ya hiyo poti. Usiniulize kwa nini haikuondolewa tangu mwanzo.

104 nikaiachia simu ya dada, printa nikaipa 20, nikabadilisha poti, nikasimama pembeni nikijisikia fundi. Printa ikaanza kutema karatasi. Barua ya maombi ya kazi ya kijana mmoja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa, maana tangu asubuhi alikuwa anabonyeza tu. Nilisahau kufuta foleni.

"Hizi nane," mama akauliza, "nakata kwenye hela yako?"