Zafarani, manjano na sonona: maswali tunayoulizwa Tanga

Sonona ni nini? Si mawazo tu ya maisha?

Mawazo kila mtu anayo, na mengi huisha shida ikiisha. Sonona hukaa: wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huna raha hata na ulichokipenda, usingizi umepotea, chakula hakipiti, unajiona hufai. Kwetu wengi husema "mwili umechoka tu", na nyumbani huambiwa wana pepo au uvivu. Ni ugonjwa, na unatibika.

Shangazi anasema zafarani inafungua moyo. Kuna ukweli?

Upo kiasi. Sisi tunaijua kwenye biriani na kwenye wino wa kombe, lakini watafiti, hasa wa Iran, wameijaribu kwa wagonjwa wa sonona ya chini na ya wastani. Majaribio mengi yalitumia miligramu 30 kwa siku, kwa wiki 6 hadi 8, na waliopewa zafarani walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Viambata vinavyotajwa ni krosini na safranali. Tatizo, majaribio hayo yalikuwa madogo na ya muda mfupi, kwa hiyo usiache dawa ya hospitali kwa ajili yake. Mjamzito asiinywe kama dawa.

Tena sokoni ya bandia ni nyingi. Tia nyuzi chache kwenye maji vuguvugu: ya kweli hutoa rangi ya manjano taratibu na uzi hubaki mwekundu. Maji yakiwa mekundu papo hapo na uzi ukapauka, umeuziwa rangi.

Na manjano?

Kiambata chake, kurkumini, kinachunguzwa, ila mwili hukifyonza kwa shida na ushahidi bado ni mchache. Endelea kuitia kwenye mchuzi.

Mdogo wangu yuko Ujerumani, kanitumia vidonge vya mmea uitwao St John's wort. Nimeze?

Usimeze kwanza. Mmea huu ndio wenye ushahidi mkubwa kuliko mingine yote. Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 29 zenye wagonjwa 5,489, na ulionekana kusaidia karibu sawa na dawa za kawaida za sonona, kwa maudhi machache kuliko dawa hizo. Kiambata chake, hiperforini, hufanya serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, ikae zaidi kati ya seli za ubongo.

Lakini hiperforini hiyohiyo huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa watu wenye afya mmea huu pamoja na indinavir, dawa ya VVU ya wakati ule, na kiwango cha dawa mwilini kikashuka kwa asilimia 57. Dolutegravir iliyomo kwenye ARV za sasa nayo hupunguzwa. Hapo virusi hupata mwanya wa kuwa sugu, na wewe unameza ARV zako kila siku bila kukosa. Vidonge vya majira na kijiti pia hupungua nguvu, mimba ikaingia. Ukichanganya na fluoksetini, dawa ya hospitali ya sonona, serotonini inaweza kuzidi: joto, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura.

Kama umeshaanza, mwambie daktari au mfamasia leo, hata kama unaona aibu. Hakuna atakayekugombeza kwa kutafuta nafuu.

Si ni mitishamba tu, haina kemikali?

Inazo, ndiyo maana inatibu. Reserpini ilitoka kwenye mizizi ya mmea wa India ikatumika kushusha presha, na miaka ya 1950 madaktari waliripoti wagonjwa walioingia kwenye huzuni nzito baada ya kuitumia.

Niende wapi basi?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wao watakuelekeza Hospitali ya Bombo ikibidi. Korogwe kuna Hospitali ya Lutindi inayohudumia magonjwa ya akili. Beba kila unachotumia, hata mzizi wa mganga, kauweke mezani kwa daktari. Ukiandikiwa dawa ya sonona kama amitriptilini au fluoksetini, usikate tamaa wiki ya kwanza. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine zaidi. Na kama unawaza kujiua, usisubiri miadi wala dawa ya kutumiwa. Mwite ndugu au jirani akupeleke hospitali sasa hivi, na asikuache peke yako njiani.