Piano ya kwenye laptopu: yanayosemwa na yalivyo

Kijana wa jirani yangu hapa Tudor, Mombasa, alinijia jioni moja, laptopu kwapani, mkononi kinanda cha USB cha vitufe 61, kile unachokichomeka kwenye laptopu ili programu ya piano iliyomo ndiyo itoe sauti. "Shikamoo ami. Hii piano yangu inalia kama debe. Wenzangu wananiambia nitafute nyingine, ya gigabaiti 50." Nikamwambia marahaba, keti kwanza. Aliyoambiwa nimeyasikia kwa wapiga vinanda wengi wa mji huu, wa kwaya na wa taarabu, na mengi hayana kichwa wala mguu.

Dhana: faili kubwa ndiyo sauti halisi

Ukubwa wa faili unatokana na sampuli: kila noti imerekodiwa mara ngapi, kwa nguvu ngapi tofauti, kwa maikrofoni ngapi. Salamander, piano ya sampuli, ni ya bure, ilirekodiwa kutoka piano ya Yamaha C5 kwa matabaka 16 ya nguvu, na inatosha kujifunzia na hata kurekodia. Programu ya Pianoteq ya Ufaransa haichezi sampuli; inakokotoa papo hapo mwendo wa nyundo, nyuzi na ubao, na faili yake haifiki gigabaiti moja. Gigabaiti 50 kwenye laptopu yenye diski ya zamani zitakupa mikwaruzo tu.

Dhana: ikilia kwa ukali, punguza sauti

Hapa ndipo tulipokaa karibu saa nzima.

Kwenye piano ya mbao, ukibonyeza kitufe, nyundo hurushwa na kumalizia safari yake yenyewe hadi kwenye nyuzi. Ikienda kwa kasi, sauti haiwi kubwa tu, inakuwa na makali, kwa kuwa sufu iliyovikwa nyundo hujibana ikawa ngumu. Kwa hiyo noti kali iliyopunguzwa sauti haigeuki kuwa noti laini. Ni mtu anayefoka mtaa wa pili. Humsikii sana, lakini unajua anafoka.

Kinanda cha USB hupima kasi hiyo kwa kuhesabu muda kati ya swichi mbili zilizo chini ya kitufe, kisha hutuma namba kuanzia 1 hadi 127. Vitufe vya springi ni vyepesi, vinakimbia. Nikamwambia apige taratibu kadiri awezavyo, tukatazama namba kwenye skrini: 71, 78, 74. Na hapo alikuwa ananyata! Akipiga kawaida, 110 kwenda juu. Yaani nusu ya chini ya nguvu za piano yake, ile ya noti laini, hajawahi kuisikia tangu aipakue.

Dawa iko kwenye mpangilio wa mkunjo wa velositi (velocity curve), mstari unaoamua kila kasi ya mguso itoe namba gani. Tuliivuta chini sehemu ya katikati, kidogo kidogo, mpaka mguso wa kunyata ukatoa kama 25, wa kawaida 60 hadi 75, na ule wa kupiga kwa bega zima ndio ukafika 120. Usinakili namba hizi, kinanda chako si chake. Na kazi hii ifanye pangaboi likiwa limezimwa, hata kama ni joto la kaskazi. Likivuma hutazisikia noti laini, utazipandisha, urudi kule kule ulikotoka.

Dhana: pedali ni pedali

Pedali ya kushikilia sauti, ile ya bei rahisi, ni swichi: hutuma 0 au 127, basi. Mpiga piano hufanya mengi katikati, pale vinyamazishi vinapogusa nyuzi kidogo na sauti ikapungua bila kukatika. Kulipata hilo unahitaji pedali inayotuma namba za kati, kinanda kinachozipokea na programu inayozielewa. Kikikosekana kimoja, umetupa pesa. Na ikiwa sauti inaning'inia ukitoa mguu na kukatika ukikanyaga, pedali si mbovu, imesomwa kinyume. Vinanda vingi huikagua wakati wa kuwaka, kwa hiyo toa mguu, zima, washa tena.

Dhana: mwangwi mwingi ndio ukumbi

Sampuli nyingi zimeshabeba chumba zilimorekodiwa. Ukiongeza mwangwi wa kanisa kubwa unapata vyumba viwili, na mkono wa kushoto unakuwa uji. Anza na sifuri, ongeza mpaka uusikie, kisha rudisha kidogo. (Kama unapiga usiku peke yako kwa raha zako, mimina pipa zima. Nani atakuuliza?)

Dhana: noti za juu hazikatiki, basi programu ni mbovu

Piano halisi haina vinyamazishi kwenye noti kama 20 za juu kabisa. Nyuzi zake ni fupi na hunyamaza zenyewe upesi.

Dhana: sauti ikichelewa, laptopu imezeeka

Tazama bafa kwanza, yaani akiba ndogo ya sauti ambayo laptopu huijaza kabla ya kuitoa. Hupimwa kwa sampuli, na hapa sampuli ni vipande vidogo vya sauti, si rekodi za noti. Bafa ya sampuli 1024, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, huchelewesha milisekunde 23. Ukishuka hadi 256 ni kama 6, sawa na kukaa mita mbili kutoka kwenye piano. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, inayoipitisha sauti njia ya mkato, na ukisikia mikwaruzo panda hatua moja.

Tukashuka 256. Kijana bado analalamika: anapiga, sauti inamfuata nyuma. Nikakagua kila kitu, mwisho nikamuuliza sauti yenyewe inatokea wapi. Akanionyesha dirishani spika ya Bluetooth, ile anayokwenda nayo ufukweni. Bluetooth peke yake huweza kula milisekunde zaidi ya 100. Nikamchomekea hedifoni zangu za waya. Akapiga noti ile ile mara tatu, kwa kunyata, halafu akaniuliza kama anaweza kuziazima mpaka Ijumaa.