"Cha asili" hakipatani na kila dawa ya moyo

Wengi huamini kwamba virutubisho na unga wa mitishamba, kwa kuwa ni vya asili, haviwezi kugongana na dawa za moyo. Inaeleweka: kitunguu saumu tunakila kila siku. Ila kidonge hubeba kiasi kilichokolezwa, si punje mbili za mchuzini.

Mfano ulio wazi ni warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Vitamini K huipunguza nguvu, na mboga za majani ya kijani zinayo kwa wingi. Hivyo anayeanza ghafla kunywa unga wa majani kila asubuhi anaweza kuidhoofisha dawa bila kujua. Vidonge vya kitunguu saumu vyaweza kuleta kinyume chake, yaani kutokwa damu kwa urahisi. Anayetumia enalapril au spironolactone, dawa za presha na moyo, naye aangalie potasiamu, hata ile ya kwenye chumvi mbadala, kwani ikizidi mwilini huvuruga mapigo ya moyo.

Soma karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa, sehemu ya mwingiliano. Siku ya kliniki beba makopo yote, ya mitishamba pia (hakuna haja ya kuona haya), umwonyeshe daktari au mfamasia. Wa warfarini aseme kabla ya kuanza au kuacha kirutubisho, ili kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kirudiwe mapema.