Upepo wa Ziwa Victoria na pikipiki: jinsi ya kuendesha unapopigwa ubavuni

Upepo mkali unaovuma bila kukatika, dereva huuzoea. Mita mia chache tu zinatosha: unajikuta umeilaza pikipiki kidogo kuelekea upande unakotoka upepo, na safari inaendelea. Hatari huanza pale upepo unapokatika ghafla, halafu ukarudi kwa nguvu zaidi kabla mikono haijajipanga. Mwanza imejaa sehemu za namna hiyo kwa sababu mji umekaa kati ya ziwa na vilima vya mawe. Ukipita nyuma ya jabali kumetulia, ukitokeza kwenye uwazi unapigwa.

Kwa hiyo karibu kila ninachoandika hapa kinahusu kitu kimoja: kujua badiliko litatokea wapi, na kulipokea bila kupambana nalo.

Nianze na nguvu yenyewe. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne. Chukua pikipiki ya kawaida ya bodaboda, yenye injini ya cc 125 au 150 na uzito wa kilo 115 hivi, na dereva mmoja juu yake. Ukiitazama kwa ubavu, dereva na chombo wanazuia hewa kwa eneo la kama mita moja ya mraba. Upepo wa kilomita 50 kwa saa utawasukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 10. Ukifika kilomita 70, ni kama kilo 20. Kuhimili zile kilo 10 kunahitaji kuilaza pikipiki takriban nyuzi 3, kiasi ambacho hata abiria hakioni. Lakini nguvu hiyo ikija ndani ya nusu sekunde, chombo kinahama njia kabla hujakilaza. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, kila sekunde unakula mita 22 za barabara. Kwenye kilomita 40 ni mita 11. Kupunguza mwendo hakuuondoi ule msukumo wa ubavuni, ila kunakupa nafasi ya kurudi kwenye mstari wako kabla hujakutana na basi au ukingo wa lami.

Sasa mikono. Kosa ninaloliona zaidi kwa madereva, hata wenye miaka mingi barabarani, ni kukaza usukani upepo unapochachamaa. Sehemu ya mwili inayoshika upepo zaidi ni kifua na mabega. Mikono ikikazwa, upepo unasukuma kifua, kifua kinavuta mikono, mikono inageuza usukani. Kuyumba kwingi kunakosemwa ni kwa upepo kumbe kunatoka kwa dereva mwenyewe. Bana tangi kwa magoti, inama mbele kidogo, kunja viwiko, na shika usukani kwa nguvu ya kutosha kutumia klachi na breki tu. Pikipiki inayotembea hupenda kujinyoosha yenyewe. Iachie nafasi ifanye hivyo.

Upepo ukitoka kulia, sukuma mbele mkono wa kulia wa usukani, taratibu. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, lakini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 20 hivi kwa saa ndivyo pikipiki inavyolala: ukisukuma mbele upande wa kulia, inalala kulia. Upepo ukikatika, acha kusukuma, itasimama. Usijaribu kuirudisha kwa kuhamisha makalio au kutoa goti, kwa sababu mwili unachelewa na upepo haukusubiri. Zoezi hili lifanyie kwenye uwanja mtupu siku tulivu, kwa kilomita 30, mpaka mkono ufanye bila kuulizwa.

Gia nayo ina kazi yake. Kaa kwenye gia inayoifanya injini ivute kidogo muda wote, mara nyingi ya tatu kwa mwendo wa kilomita 40 hadi 50. Pikipiki inayovuta hutulia kuliko inayoteleza bila moto. Ukipigwa, usibane breki ya mbele kwa hofu, hasa kama chombo kimelala. Punguza moto kidogo, nyoosha, kisha ndipo ufunge breki.

Tuje kwenye barabara zetu. Mchana, ardhi ikishapata joto, upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na kwa kawaida huzidi nguvu mchana hadi jioni. Usiku hugeuka. Ukijua ziwa liko upande gani, unajua ubavu upi utapigwa. Ukitoka mjini kwa barabara ya Kenyatta kwenda Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Buhongwa, ziwa liko kulia kwako, na upepo wa alasiri unakusukuma kuelekea ukingo wa kushoto, kwenye mitaro na watu wanaotembea kwa miguu. Ukirudi, uleule unakusukuma kuelekea katikati, kwenye magari yanayokuja. Barabara ya uwanja wa ndege kupitia Kirumba ina ziwa kushoto ukiwa unakwenda. Kutoka Igoma na Kisesa kuelekea Magu na Lamadi, ghuba ya Speke iko kushoto, na pale miti na nyumba zinapopungua hakuna kinachouzuia upepo kukufikia.

Daraja la Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, linastahili maelezo ya peke yake. Lina urefu wa kilomita 3 na linaikata ghuba ya Mwanza kwa mapana, wakati ghuba yenyewe imelala kaskazini kwenda kusini. Upepo unaofuata maji unakupiga ubavuni, na ukiwa katikati huna mti wala nyumba ya kukukinga. Punguza mwendo kabla ya kuingia, usisubiri upigwe. Fuata alama zilizowekwa. Nguzo na nyaya kubwa za katikati zinaukata upepo kidogo kila unapozipita, hivyo utegemee kusukumwa, kuachiwa, kusukumwa tena. Usilipite gari lingine pale.

Kulipita lori ni somo ambalo ningependa kila dereva alielewe vizuri. Sisi tunapita kulia. Upepo ukitoka kushoto, umeshailaza pikipiki kushoto. Unapoingia ubavuni mwa lori, lori linaukinga upepo, na ile hali ya kulala inakuvuta kuelekea kwenye matairi yake. Ukiivuka kabini, upepo wote unarudi kwa mpigo na kukusukuma kulia, kwenye njia ya wanaokuja. Mabadiliko mawili ndani ya sekunde chache, yenye mielekeo tofauti. Acha nafasi ya mita moja na nusu au zaidi kati yako na lori, na kama huna nafasi hiyo, baki nyuma. Basi linalokuja mbele yako nalo husukuma hewa: kwanza linakutupa nje, kisha linakuvuta. Ukiliona, sogea kushoto mapema kwa kiasi, legeza mikono, na usishtuke.

Kuhusu nafasi yako njiani, kanuni ni kuacha uwazi upande ambao upepo unakupeleka. Upepo ukitoka kulia, usitembee ukingoni kabisa. Lami inapoishia na changarawe kuanza ndipo wengi hudondoka. Ukitoka kushoto, kaa theluthi ya kushoto ya njia yako.

Upepo wa mbele una usumbufu wa kupunguza nguvu tu, shusha gia. Wa nyuma unadanganya zaidi. Unahisi hali ni shwari, mwendo unapanda bila kujua, na breki zinahitaji umbali mrefu. Injini inayopozwa kwa hewa pia inapata hewa kidogo, hivyo kwenye mlima mrefu huku upepo ukitoka mgongoni inachemka upesi.

Mzigo ndio unaobadilisha hesabu yote. Godoro la futi 5 kwa 6 likisimamishwa ubavuni linaongeza karibu mita 2.8 za mraba. Ule upepo wa kilomita 50 uliokuwa unasukuma kwa kilo 10, sasa unasukuma kwa kilo 35 na zaidi, tena kutoka nyuma na juu, ambako unaligeuza gurudumu la nyuma na kulipunguzia uzito la mbele. Hilo ni tanga. Bati la futi 10 ni vivyo hivyo, na likifunguka kamba linakata watu. Mizigo ya aina hiyo ipelekwe kwa guta au gari siku ya upepo, hata kama mteja anakasirika. Gunia la dagaa lina shida ndogo kuliko linavyoonekana, mradi lifungwe chini, katikati, na lisipite upana wa usukani. Boksi la kupelekea chakula likiwa tupu linayumba zaidi kuliko likiwa na kitu ndani. Livutwe mbele kadiri inavyowezekana. Mwamvuli wa pikipiki ung'olewe kabisa.

Abiria akae kwa kutanua miguu, karibu nawe, ashike kiunoni au kwenye kishikio cha nyuma, asishike mabega. Anayekaa upande anaweka uzito wote pembeni na hawezi kulala pamoja na chombo. Mwambie kabla ya kuondoka: "Mama, tukiyumba, wewe tulia tu, usijaribu kunyoosha." Khanga, shuka na mikia ya koti ifungwe, ikiingia kwenye mnyororo au spoku, mtu anavutwa chini. Kofia ngumu ifungwe kidevuni kwa wote wawili, na kioo kishushwe, kwa sababu vumbi la kwanza hukupofusha kabla upepo haujakuyumbisha.

Chombo kibovu hukuzwa ubovu wake na upepo. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mwenzako akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, kisha geuza usukani taratibu pande zote. Ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo ya usukani zimekula. Shika fimbo za mbele kwa chini, vuta na sukuma. Kukiwa na mchezo, zimelegea. Gurudumu la nyuma lisukume kushoto na kulia: likicheza, angalia beringi, na bushi za swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Tairi lenye upepo pungufu linaongeza kuyumba. Kwa pikipiki nyingi za aina hii ni psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, na kama 32 nyuma ukiwa na abiria. Kibandiko cha chombo chako ndicho cha kufuata.

Kuna wakati wa kutokwenda kabisa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo na mawimbi ziwani, na kumbuka kasi inayotajwa mara nyingi ni ya wastani. Mpigo mmoja unaweza kuzidi kwa nusu yake. Kwa macho, tumia miti na maji. Vumbi na karatasi zikiinuka, upepo uko kwenye kilomita 20 hadi 28. Mapovu meupe yakianza kuonekana ziwani na miti midogo ikayumba, umefika 29 hadi 38. Matawi makubwa yakicheza na mwamvuli ukawa mgumu kushika, ni 39 hadi 49, na hapo mimi namshauri dereva asibebe abiria. Miti mizima ikiyumba, umevuka 50: paki. Vijiti vikikatika mitini, umevuka 60, na hakuna safari ya bodaboda inayostahili.

Mawingu ya mvua za Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba huleta upepo wao, unaotangulia mvua. Hewa inapoa ghafla, mwelekeo wa upepo unageuka, ukuta wa vumbi unaonekana. Una dakika chache. Tafuta jengo imara, si mti, bango wala kibanda cha mabati. Paki upepo ukipiga ubavu wa kulia, ili uiegemeze pikipiki kwenye stendi yake ya kushoto, weka gia ya kwanza, kisha uingie ndani. Mara nyingi ukali wake hupungua ndani ya nusu saa, na ukianza tena safari, lami ina vumbi lililolowa linaloteleza na matawi njiani.